Mchezo wa Vita na Moyo wa Kijana

Mwezi huu nataka tutafakari pamoja swali moja nililoulizwa hapa Moshono, nami sikuweza kulijibu siku ile. Nalimwambia aliyeniuliza ya kwamba nitafikiri kwanza, ndipo nitakapojibu. Najua ya kuwa swali hili limo katika nyumba nyingi, hata zile ambazo wazazi hawajalisikia; kwa hiyo nimeona vema kuyaandika majibu yangu mbele yenu wote.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mmoja mjane wa usharika wetu alinijia siku ya Jumapili baada ya ibada. Akanisalimu, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, mwanangu huniaga kila Jumamosi kwamba anakwenda kwenye mafundisho ya kipaimara. Je, wamwona huko?" Nikamjibu kweli, "Mama, Jumamosi tatu sasa sijamwona." Akainamisha kichwa. Haukupita muda, akajua mahali alipokuwa akienda: kwa rafiki yake, ambaye kaka yake hutengeneza kompyuta kuukuu, nao hukaa huko tangu asubuhi mpaka jioni wakicheza mchezo wa vita.

Habari ikawafikia wazee wa kanisa. Wengine walisema kijana yule aondolewe darasani mwaka huu, ili wenzake waogope. Mzee mmoja, mtu mwema ninayemheshimu sana, alisema mchezo ule ni shule ya uuaji, na ya kwamba haifai mtu kushika bunduki siku ya Jumamosi, ingawa ni ya kioo, na kesho yake ashike kitabu cha nyimbo. Nikaomba wanipe siku chache niende kutazama kwanza.

Basi nikaenda. Nalipita kati ya migomba, nikafika katika chumba kidogo chenye dirisha moja, nikawakuta vijana watatu mbele ya kompyuta nzee. Wakasimama wote kwa hofu, "Shikamoo, Mchungaji!" Nikaitikia, nikawaambia wakae. Nikatazama kioo. Nikaona mtu amelala juu ya kilima, na chini yake kambi ya askari, yenye ua wa nyaya, minara ya walinzi na magari. Mara nikautambua mchezo ule, nami nikaona haya, kwa maana niliujua vizuri kuliko wao.

Ndugu zangu, yanipasa niungame kabla sijaendelea. Mimi nami nalicheza mchezo ule. Ilikuwa mwaka 2003, kabla sijaingia chuo cha theolojia. Nalikuwa kijana niliyemaliza shule bila kazi, na mjini Arusha palikuwa na vyumba vya intaneti ambako mtu hulipa kwa saa. Kompyuta zao zilikuwa dhaifu, lakini mchezo huu haukudai kompyuta yenye nguvu nyingi. Siku moja mama yangu alinipa fedha ya kununua mafuta ya taa. Nikaimaliza yote katika chumba kile, nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamwambia kwamba nimeipoteza njiani. Usiku ule tulikaa gizani. Mama yangu hakunikemea, maana aliniamini. Jambo hilo sikulisema kwa mtu yeyote muda wa miaka mingi, na leo nalisema, ili msije mkadhani ya kuwa naandika habari za dhambi za watoto wa watu wengine tu.

Sasa niwaeleze mchezo wenyewe, kwa ajili yenu msioujua. Huitwa Project I.G.I. Ulitolewa mwezi wa Desemba mwaka 2000. Walioutengeneza ni kampuni ya Innerloop Studios ya mji wa Oslo katika nchi ya Norway, na waliouuza ni kampuni ya Eidos ya Uingereza. Hapo kwanza watu wale wa Oslo walikuwa wametengeneza mchezo wa ndege za kivita, na kwa sababu hiyo walijua kuonyesha nchi pana, milima na mabonde, kama aionavyo rubani. Katika mchezo huu mchezaji haoni mtu wake kwa nje. Huona kwa macho ya mtu huyo, na mbele yake huona mikono yake iliyoshika silaha. Mtu huyo huitwa David Jones, askari wa zamani wa kikosi teule cha Uingereza. Hutumwa peke yake katika kambi za adui, mara kumi na nne, kwa kazi kumi na nne, na mwisho wake ni kuzuia bomu la nyuklia lisilipuke. Mwanamke aitwaye Anya humwelekeza kwa redio kutoka mbali. Mwenzi mwingine hana.

Na sheria yake kubwa ndiyo hii: ukiisha kuanza kazi moja, huwezi kuweka alama katikati ili ukifa uendelee kutoka pale. Ukipigwa risasi mlangoni pa mwisho, baada ya kutambaa nusu saa, utarudi mwanzo kabisa. Tena ukionekana na kamera ya ulinzi, king'ora hulia, na askari wengi hutoka mabwenini wakikutafuta. Kwa hiyo mchezaji hodari si yule apigaye risasi nyingi. Ni yule atazamaye kwa darubini kabla ya kushuka, ahesabuye walinzi, azimaye kamera kwanza, na ajuaye kungoja. Mchezo wa pili wa jina hilo ulipotoka mwaka 2003, waliruhusu kuweka alama mara chache. Lakini wengi wetu tuliupenda ule wa kwanza, kwa sababu ya ugumu wake.

Basi, kijana yule akanigeukia akaniuliza, "Mchungaji, je, ni dhambi?" Hilo ndilo swali.

Kabla ya kulijibu, yatupasa kuuliza swali jingine: ni nini kinachomvuta? Maana mtu akitaka kumtoa ng'ombe shambani mwa jirani, lazima ajue ng'ombe amefuata nini. Wengi husema kijana huvutwa na damu. Mimi nimeutafuta moyo wangu mwenyewe wa siku zile, na sioni kwamba nilivutwa na damu. Damu ilikuwa ndogo, nasi hatukuitazama. Nalivutwa na mambo mengine, nami nitayataja.

La kwanza, nalikuwa nimetumwa. Mwaka ule hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyenitumaini kwa kazi yoyote. Nalipeleka barua za kuomba kazi, zikarudi au zikapotea. Lakini nilipoketi mbele ya kioo kile, sauti ya redio iliniambia: nenda pale, fanya hili, sisi twakungoja. Kazi ilikuwa na mwanzo na mwisho, na nilipoimaliza nalijua ya kuwa imekwisha. Enyi wazazi, ni vijana wangapi wa Moshono walioambiwa mwaka huu na mtu mzima, "Kazi hii nakupa wewe, nami nakutumaini"?

La pili, uangalifu wangu ulikuwa na thamani. Kwa kuwa kosa moja lilinirudisha mwanzo, kila hatua ilikuwa nzito. Nalijifunza kutulia na kuzuia haraka ya ujana. Watu hudhani ya kwamba mchezo ni mahali pa uvivu. Lakini mimi nilikuwa mvivu nyumbani na mwenye bidii kule. Jambo hilo lapasa kutufikirisha.

La tatu, nalipata kuwa na hofu bila jeraha. Mwanadamu hupenda kuikaribia hatari na kurudi salama. Wazee wetu walijua hivyo. Watoto wa mlimani tangu zamani hukata fimbo wakazifanya mikuki. Na bao, mchezo wa heshima unaochezwa na wazee barazani, nalo ni vita: mtu huteka kete za mwenzake na kuilinda nyumba yake mpaka mmoja amalizike. Hata hivyo hatujasikia mchungaji aliyewafukuza wazee kwa sababu ya bao.

Basi mambo haya matatu, kutumwa, kuwa mwangalifu na kuikabili hofu, si mabaya. Ni njaa ambazo Mungu mwenyewe ameziweka katika moyo wa kijana. Na mtu mwenye njaa hawezi kuponywa kwa kunyang'anywa sahani peke yake.

Sasa naligeukia neno la yule mzee wetu, kwamba mchezo huu ni shule ya uuaji. Neno hili yatupasa kulipima kwa haki, kwa maana amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na kijana naye ni jirani. Wataalamu wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kiliyapitia tena maandishi hayo, kikasema ya kwamba kuna uhusiano mdogo kati ya michezo ya namna hii na ukali, kama kupiga kelele na kusukumana. Lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba michezo hii ndiyo sababu ya watu kutenda jeuri kubwa. Hivyo basi, tukisimama mimbarini na kusema kwamba kijana huyu atakuwa mwuaji kwa sababu ya mchezo, twasema tusilolijua. Tena vijana watatusikia, nao wajua ya kuwa si kweli, na siku tutakapowaambia lililo kweli hawatatuamini.

Je, nimesema basi kwamba hakuna hatari? La, sivyo. Nadhani hatari ipo, ila sisi wazee twaitafuta mahali pasipo pake. Nami nitawaonyesha mahali nilipoikuta.

Mwaka ule wa 2003, nilipokuwa nikicheza, mahakama ya Umoja wa Mataifa juu ya mauaji ya Rwanda ilikuwa ikifanya kazi yake mjini mwetu Arusha. Iliundwa mwaka 1994, ikafungwa mwishoni mwa 2015, na watu 93 walishtakiwa mbele yake. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama hiyo iliwahukumu watu watatu ambao silaha yao kubwa ilikuwa maneno, ya redio na ya gazeti. Kesi hiyo ilionyesha jinsi jirani za watu walivyoitwa mende siku baada ya siku, hata masikio yakazoea. Mtu akiisha kuitwa mende, jina lake limeondolewa, na mama yake ameondolewa pamoja nalo. Na kumkanyaga huwa jambo jepesi. Mimi nalikuwa nimeketi katika chumba cha intaneti, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mahali walipokuwa wakisomewa hukumu, nami nikiwaangusha walinzi mmoja baada ya mmoja. Wala sikuyaunganisha mambo hayo mawili hata kidogo.

Sisemi kwamba mchezo wangu na mauaji yale ni jambo moja. Kusema hivyo ni kuwatukana waliokufa. Wale walikuwa watu, na walinzi wangu walikuwa picha. Lakini nasema hivi: mchezo ule ulinizoeza kumtazama mtu na kuona kizuizi. Mlinzi yule wa mnarani hana jina. Hajala chakula cha asubuhi, hajaandika barua, hana mtoto mgonjwa. Amewekwa pale ili aondolewe. Kwa saa mbili za mchezo si kitu. Lakini moyo ambao haupati mazoezi mengine ila hayo, na haupati mahali pengine pa kujifunza kwamba mtu wa upande wa pili ana jina, moyo huo una upungufu. Na atakapokuja mtu mwenye redio na maneno yake, atakuta kazi imekwisha kuanzishwa. Katika Katekisimo Ndogo, Luther akiifafanua amri ya tano hakutosheka kutuambia tusimdhuru jirani mwilini mwake. Alitaka pia tumsaidie katika mahitaji yake. Wala hatuwezi kumsaidia mtu tusiyemwona kuwa mtu.

Hatari ya pili ni hii: wapo wanaojua vizuri jinsi kijana anavyovutwa, nao hutumia mvuto huo kwa faida yao. Mwaka 2002 jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake lenyewe, uitwao America's Army, likaugawa bure, kusudi vijana wapende kuandikishwa. Uliendelea miaka ishirini, ukafungwa mwaka 2022. Kuwa askari wa nchi si aibu. Lakini vita kamili ina miguu iliyokatwa, na wajane, na usiku usio na usingizi, na mambo hayo mchezo hauwezi kuyaonyesha, maana nani angeucheza? Basi anayejifunza vita kwa mchezo peke yake amejifunza nusu, nayo ni nusu ile tamu.

Nilipokuwa nikiyafikiri hayo, nalikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wetu aliyepigana katika vita vya Kagera. Mwajua historia yake: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu mpaka mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa, majeshi yetu yakawafukuza, yakavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 yakaingia Kampala. Wenzake wengi wamezikwa Kaboya katika mkoa wa Kagera. Mzee huyu hasimulii vita. Tumemjua miaka mingi kama mtu wa kahawa na ng'ombe wake wawili. Nikamweleza habari za kijana na mchezo, nikamwomba aje darasani kusema na vijana. Akanyamaza sana. Akasema, "Mchungaji, mimi si mwalimu." Nikamjibu, "Baba, ndiyo maana nakuomba." Akasema atafikiri.

Jumamosi iliyofuata akaja, amevaa koti lake la ibada. Vijana walitazamia kusikia habari za bunduki na vifaru, nao walikaa mbele kabisa. Yeye hakusema habari za bunduki. Alisema ya kwamba siku moja, katika njia ya kwenda Masaka, aliamriwa kukusanya risasi kutoka kwa maiti za adui. Akapekua mfuko wa mmoja, akakuta barua. Akasema, "Nalidhani itakuwa katika lugha nisiyoijua. Kumbe, ilikuwa Kiswahili." Maana askari wa Amin walitumia Kiswahili kama sisi. Akaisoma. Ilikuwa barua ya kumsalimu mama yake, kumwuliza kama mvua imenyesha, na kumwambia auze mbuzi mmoja ili mdogo wake asome. Haikuwa imepelekwa. Chini yake palikuwa na jina.

Jina lile alilitaja mbele ya vijana. Mimi silitaji hapa, kwa sababu huenda ndugu zake wangali hai. Mzee akasema, "Vita vile vilikuwa vya haki, maana tulivamiwa. Ningeitwa tena ningekwenda tena. Lakini jina hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyeniuliza." Kisha akaketi.

Chumba kizima kilinyamaza. Ndipo yule kijana wetu, aliyekuwa amefukuzwa nusu, akainua mkono akauliza kwa heshima, "Babu, je, yule mdogo wake alisoma?" Mzee akamtazama, akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Hilo ndilo ninalojiuliza." Nami nikajua moyoni mwangu ya kuwa kijana huyu hakuharibiwa na mchezo.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana habari za desturi ya watu wa Arusha na Meru katika kuwalea mamurani. Sisi Wakristo tumezoea kukumbuka mkuki wao kwa huzuni, na sababu ipo: mwezi wa Oktoba 1896, pale Akeri, mikuki hiyo iliwaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, na kisasi cha Wajerumani kilichofuata kilimwaga damu nyingi zaidi. Lakini tazameni jambo hili. Kijana wa zamani hakujipa mkuki mwenyewe. Alikuwa na wazee walezi wa rika lake, ambao kwa lugha ya nyumbani huitwa olpiron. Hao walimfundisha, walimzuia, walimwadhibu. Na wakati ulipotimia, ujana wa vita ukafungwa kwa sherehe, naye akawa mzee mwenye nyumba na maneno. Mkuki ulikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kwenye kila mlango alisimama mzee. Kijana wa leo amepewa bunduki ya kioo, wala hakuna mzee mlangoni. Aingia peke yake, na akitoka, hatoki kwa sababu ameambiwa amekua. Atoka kwa sababu umeme umekatika.

Tena kumbukeni Daudi. Katika shule ya Jumapili twawafundisha watoto habari za kombeo na Goliathi, nao hufurahi, nasi twafurahi pamoja nao. Lakini mara ngapi tunawafundisha mwisho wake? Daudi alipotaka kumjengea Bwana nyumba, alikataliwa, kwa kuwa alikuwa amemwaga damu nyingi. Nyumba ikajengwa na mwanawe Sulemani. Mungu alimpenda Daudi, wala hakumtupa, lakini alimwonyesha kwamba damu ina uzito, hata ile ya vita alivyoshinda. Tukiwafundisha watoto kombeo bila kuwafundisha hekalu lililokataliwa, sisi wenyewe twawapa mchezo wa vita, ingawa hatuna kompyuta.

Na Luther, alipoulizwa na askari mkubwa Assa von Kram kama askari naye aweza kuokolewa, aliandika kitabu chake cha mwaka 1526, akaitenga kazi na mtu anayeifanya. Kazi ya upanga yaweza kuwa huduma ya kuwalinda wanyonge. Lakini mtu aweza kuifanya kwa moyo mbaya, kwa kiburi na tamaa ya vita, naye akahukumiwa katika kazi iliyo njema. Nami nadhani twaweza kupima mchezo kwa kipimo hicho. Kitu chenyewe ni mchezo tu. Tuuulize moyo wa anayecheza.

Basi, mwanangu uliyeniuliza, haya ndiyo majibu yangu. Kucheza kwako si dhambi ya kuua. Lakini umemwambia mama yako uongo Jumamosi tatu, na hiyo ni dhambi, nawe waijua, kama mimi nilivyoijua ile ya mafuta ya taa. Nenda ukamwambie kweli. Mimi nalichelewa. Nilipotaka kumwambia mama yangu, alikuwa ameanza kusahau majina yetu, na sijui kama alinielewa. Usingoje hivyo. Na unapocheza, jiulize mara moja moja jina la mlinzi yule wa mnarani. Yamkini hutaliacha swali hilo likupite bure. Ukiona huwezi kulala, au huwezi kusoma, au humwoni tena mama yako mbele yako kwa sababu ya kioo, basi umekuwa mtumwa, nawe uache.

Na ninyi walimu na wazee, neno langu kwenu ni hili. Kijana huyu hatukumwondoa darasani. Baraza liliamua hivyo, ingawa si wote waliopendezwa, na yule mzee aliyenena habari za shule ya uuaji alitaka iandikwe kwamba yeye hakukubali. Tukaandika. Lakini Jumamosi iliyofuata mzee huyo huyo alimwita kijana, akampa kazi ya kuhesabu na kuandika vifaa vyote vya kanisa, viti, vitabu, sahani na taa, akamkabidhi na ufunguo wa stoo. Hakunieleza sababu, nami sikumwuliza. Kijana aliifanya kazi hiyo siku mbili, kwa uangalifu mwingi, akaona vitabu saba vya nyimbo vilivyokuwa vimepotea katika hesabu zetu tangu mwaka juzi.

Mchezo bado anaucheza; aliniambia mwenyewe. Mama yake ajua siku na saa. Mzee wa Kagera naye amekuja darasani mara ya pili, safari hii bila kuombwa.

Ndimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana, Moshono.